Mama, Punguza Mzigo wa Mgongo Wako

Somo juu ya maumivu ya siatiki



Siku ya kupima watoto, wamama wengi wanakuja na mtoto mkononi na maumivu yao wenyewe mgongoni. Mtoto akiisha kupimwa, mama anabaki nyuma kidogo. Anasema polepole: "Na miye pia niko na shida. Mugongo inaniuma. Maumivu inatoka ku kiuno, inapita ku tako, inashuka nyuma ya paja mpaka ku kisigino. Ni kama moto. Usiku silale."

Somo hili ni kwa ajili ya mama huyu. Tutaona mambo matatu: ugonjwa huu ni nini, sababu gani uzito unauzidisha, na wewe mwenyewe unaweza kufanya nini nyumbani. Usome polepole. Kama mwenzako hajui kusoma, umsomee.

1. SIATIKI NI NINI?

Pitisha mkono wako katikati ya mgongo. Utasikia mifupa midogo midogo imepangwa kama shanga katika uzi. Hiyo ndiyo uti wa mgongo. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini kama mto mdogo, ili mifupa isisagane. Na ndani ya uti mna kamba ya fahamu inayotoka katika ubongo.

Katika kamba ile mnatoka mishipa ya fahamu. Hii si mishipa ya damu. Kazi yake ni kupeleka habari, kama waya ya simu. Ukikanyaga mwiba, mshipa wa fahamu unapeleka habari kichwani: "Mguu unaumia." Ukitaka kutembea, mshipa unapeleka amri mguuni: "Inuka."

Mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini unaitwa siatiki. Unene wake ni karibu kama kidole chako. Mizizi yake inatoka chini ya mgongo, kwenye kiuno. Unapita ndani ya tako, unashuka nyuma ya paja, halafu juu kidogo ya goti unagawanyika mpaka kufika wayo na vidole. Unayo miwili, mmoja kwa kila mguu.

Sasa, ule mto mdogo wa kiuno ukifinywa mara nyingi, unaweza kutokeza pembeni na kubana mzizi wa mshipa. Kwa watu wazee, mifupa yenyewe inaweza kukua na kupunguza njia ya mshipa. Basi mshipa unalia. Kosa liko kiunoni, lakini maumivu yanasikilika mguuni. Ndiyo maana mama anayepaka dawa kisigino chake kila siku haponi.

Utajuaje kama ni siatiki?

– Maumivu ni ya upande mmoja, mara nyingi yanapita chini ya goti.
– Yanachoma kama moto ao kama umeme.
– Ukikohoa, ukipiga chafya ao ukijikaza chooni, yanazidi.
– Pengine kuna ganzi mguuni, ao unasikia kama sisimizi wanatembea.

Mganga akitaka kuhakikisha, atakulaza chali na kuinua mguu wako ukiwa umenyooka. Kama maumivu yanashuka mpaka chini ya goti, inaelekea kwamba mshipa umebanwa.

Wengine wanasema: "Amekanyaga dawa iliyotegwa njiani." Wanamwita mfumu, anachanja chale kwa wembe, anapaka majivu. Mama, wembe hauwezi kufika kwenye mzizi wa mshipa. Lakini wembe mchafu unaweza kuleta jipu, pepopunda, homa ya manyongo, na hata ukimwi. Chale haiondoi ugonjwa, inaongeza mwingine.

Sasa sikiliza habari njema: wagonjwa wengi wa siatiki wanapata nafuu bila kupasuliwa. Kwa wengi, maumivu yanapungua katika majuma 6 mpaka 12. Lakini kama hatubadili maisha yetu, yanaweza kurudi.

2. MIZIGO MIWILI

Mwanamke wa pembeni ya ziwa letu anabeba mizigo miwili.

Mzigo wa kwanza unaonekana. Bidoni ya litri 20 ikijaa maji ya ziwa ao ya Lufuko, ni kilo 20 na zaidi. Kuna mihogo inayotoka shamba, kuni zinazoshuka toka upande wa Marungu, beseni ya ndakala, na mtoto mgongoni juu ya hayo yote. Tena kuna kuinama: kulima, kupalilia, kufua, kufagia.

Mzigo wa pili hauonekani kama mzigo, sababu umekuwa mwili wako. Ni mafuta yaliyozidi tumboni na kiunoni. Bidoni unaitua ukifika nyumbani. Mzigo huu wa pili hautui hata usiku.

Fanya jaribio hili. Chukua mtungi mdogo wa maji, uushike karibu na kifua. Ni mwepesi. Sasa nyosha mikono, uushike mbele yako, mbali na mwili. Maji ni yale yale, lakini mgongo wako unakaza kwa nguvu. Tumbo kubwa linafanya vile vile. Linavuta mgongo mbele mchana kutwa, na misuli ya kiuno inavuta nyuma ili usianguke. Kile mto kidogo katikati kinafinywa. Tena, mafuta mengi ya tumbo yanaleta uvimbe mwilini, na mshipa uliobanwa unachelewa kupona.

Je, wamama wanene tu wanapata siatiki? Hapana. Mama mwembamba anayebeba vibaya anaweza kuipata. Na mama mnene anaweza kukosa kuipata. Lakini akiwa mnene, hatari inazidi, na kupona kunakawia.

3. JE, UZITO WANGU UMEZIDI?

Usijipime kwa macho ya jirani. Jipime kwenye mzani wa senta. Huu ndio uzito mwema kwa mama ambaye hana mimba:

– Urefu wa sentimeta 150: kilo 42 mpaka 56.
– Urefu wa sentimeta 160: kilo 48 mpaka 64.
– Urefu wa sentimeta 170: kilo 54 mpaka 72.

Tena pima tumbo kwa uzi, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Kama linapita sentimeta 80, anza kujiangalia. Kama linapita sentimeta 88, mwili wako uko katika hatari, si ya mgongo tu, lakini pia ya tansio na ya ugonjwa wa sukari.

Tunajua jambo moja ni gumu. Kwetu, mama akinenepa watu wanasema: "Bwana yake anamuchunga muzuri." Akipungua, wananong'ona: "Huyu iko na ukimwi." Kwa hofu ya maneno haya, wamama wengine wananunua sokoni vidonge vya kunenepesha. Vingine katika hivyo ni deksametazoni. Mama, hiyo ni dawa kali ya wagonjwa, si chakula. Ukiimeza miezi na miezi inavimbisha uso na tumbo, inapandisha tansio na sukari ya damu, na inaoza nguvu ya mifupa. Basi umeongeza mzigo, na papo hapo umedhoofisha nguzo inayoubeba. Kama umeizoea muda mrefu, usiiache kwa ghafula: njoo kwa mganga, aipunguze kidogo kidogo.

Na maneno ya watu, tuseme nini? Waambie waziwazi: "Ninapunguza mwili juu ya mugongo. Munganga aliniambia." Maneno yatapita, lakini mgongo utabaki nao.

ANGALIA: Mama mwenye mimba asijaribu kukonda hata kidogo. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga asijinyime chakula. Na mama ambaye anakonda bila kutaka, asifurahi: huo ni ugonjwa wa kutafutwa.

4. KUPUNGUZA MWILI BILA NJAA

Hatusemi ulale njaa. Anayejinyima kabisa anakonda juma moja, na juma la pili anarudia sufuria yote. Tunatafuta kupunguza nusu kilo kwa juma, ao hata kilo moja kwa mwezi. Ni kidogo, lakini kwa mwaka ni kilo 12.

Mafuta. Kijiko kimoja cha supu cha mafuta kina nguvu karibu sawa na tonge kubwa la bukari. Mawese ni mazuri kwa macho, hatuyakatazi. Lakini usimimine kwa chupa. Pima kwa kijiko: kijiko kimoja kwa kila mtu anayekula, kwa siku nzima. Samaki wa kukaanga, mbadilishe mara nyingine na samaki wa kuchemsha na nyanya, vitunguu na ndimu. Mikebuka ya kuchemsha ni tamu.

Sukari. Chupa moja ya sukre ina karibu vijiko 8 vidogo vya sukari. Chai ya vijiko 4, mara tatu kwa siku, ni vijiko 12. Anza kwa kutoa kijiko kimoja. Juma lijalo toa cha pili. Ulimi unazoea. Ukiwa na kiu, kunywa maji safi.

Mikate na mandazi. Wewe unayeuza mandazi, usile yale yaliyobaki kila jioni.

Pombe. Pombe inanenepesha, na inamaliza franga za nyumba. Lotoko inaongeza na sumu.

Bukari. Usiondoe bukari, lakini geuza sahani. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, matembele, sombe yenye mafuta kidogo. Robo iwe samaki, maharagwe ao ndakala. Robo iliyobaki iwe bukari. Wengi wetu tunafanya kinyume: mlima wa bukari, na mboga kidogo ya kuchovya.

Saa ya kula. Mama anayeshinda shamba bila kula, halafu anakula chakula chote usiku na kulala mara moja, anakula kupita kiasi bila kujua. Chukua kitu asubuhi: kiazi, uji, karanga kidogo, ndizi.

5. KUINUA, KUBEBA, KULALA

Sasa turudi kwa mzigo wa kwanza. Hatuwezi kukuambia: "Acha kazi." Nani atachota maji? Lakini kuna ginsi ya kufanya kazi ile ile bila kuumiza mgongo.

– Kuinua. Sogea karibu na bidoni. Tanua miguu. Kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka. Ishike karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu ya mapaja. Usiinue huku unajizungusha. Geuza miguu kwanza.
– Kugawanya. Bidoni mbili za litri 10 ni bora kuliko moja ya litri 20. Safari mbili zinachosha miguu kidogo. Mzigo mmoja unaweza kukulaza mwezi mzima.
– Kutwika. Usijitwike peke yako mzigo mzito. Mwite mwenzako. Ukiumwa, usitwike kabisa mpaka upate nafuu.
– Kulima. Tumia jembe lenye mpini mrefu. Kila baada ya dakika 20, simama, weka mikono kiunoni, jinyoshe nyuma mara 5.
– Kufua. Weka beseni juu ya jiwe ao meza, usiinamie chini.
– Kutwanga. Badilisha mikono, na mpokezane.
– Kukaa. Usishinde kwenye kigoda kifupi mbele ya moto. Simama mara kwa mara.
– Mtoto. Akiwa mkubwa wa kutembea, atembee. Ukimbeba, mfunge juu na karibu na mwili, asining'inie chini.
– Kulala. Lala ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, na kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti. Ao lala chali, na mto chini ya magoti. Ukiamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Somo hili mwonyeshe bwana yako na watoto wako wavulana. Baiskeli ya nyumba inaweza kubeba bidoni. Hakuna haya mwanaume kuchota maji wakati mama wa nyumba anaumwa. Haya ni kumwacha mpaka asiweze kusimama.

6. USILALE TU: TEMBEA

Zamani waganga walimwambia mgonjwa wa siatiki alale juu ya ubao majuma mengi. Leo tunajua kwamba kulala sana kunadhoofisha misuli na kukawiza kupona. Kama maumivu ni makali mno, pumzika siku moja ao mbili. Halafu anza kusogea.

Kutembea. Tembea bila mzigo, kila siku. Anza dakika 10 pembeni ya ziwa, asubuhi kabla ya jua kali. Ongeza kidogo kidogo mpaka dakika 30. Kutembea kunasaidia mgongo na kunapunguza mwili pamoja.

Zoezi la kwanza. Lala chali juu ya mkeka. Vuta goti moja kifuani kwa mikono miwili, hesabu mpaka 20, achilia. Kisha goti la pili. Fanya mara 5.

Zoezi la pili. Lala kifudifudi. Baada ya dakika mbili, jiinue juu ya viwiko, tumbo libaki chini. Kaa dakika moja, shuka. Fanya mara 5. Mama mwenye mimba asifanye hili.

Zoezi la tatu. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Inua matako, hesabu mpaka 5, shusha. Fanya mara 10.

Shika alama hii: ukifanya zoezi, na maumivu yanatoka kisigino na kupanda juu kuelekea kiuno, ni vema, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi. Mshipa unafunguka. Lakini kama yanashuka zaidi kuelekea vidole, acha zoezi lile.

Kitambaa cha maji ya moto kiunoni kinatuliza. Angalia kisichome, zaidi sana mahali penye ganzi, kwa kuwa hapo hutasikia ukiungua.

7. JUU YA DAWA NA SINDANO

Mganga anaweza kukupa parasetamoli ao ibuprofeni kwa siku chache. Ibuprofeni imezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo asiitumie. Mwenye mimba asimeze bila kuulizwa, zaidi sana akipita mwezi wa tano. Dawa inatuliza maumivu, haitui mzigo.

Wamama wengi wanadai: "Unipige shindano." Sindano haizidi kidonge kwa ugonjwa huu. Tena kumbuka: mshipa wa siatiki unapita ndani ya tako. Sindano ikipigwa mahali pabaya inaweza kuuumiza mshipa wenyewe. Watoto wamelemaa mguu namna hii, mara nyingi kwa sindano za kinini katika tako. Usikubali mtoto wako apigwe sindano sokoni ao nyumbani na mtu asiye mganga. Kwa malaria kali, dawa ya siku hizi ni artesunate. Hupigwa katika mshipa wa damu, ao mbele ya paja. Na mtoto ambaye mguu wake umelegea kwa ghafula, baada ya sindano ao bila sindano, aletwe siku ile ile.

8. ALAMA ZA HATARI

Usingoje majuma 6, usijaribu mazoezi, njoo mara moja kama:

– Huwezi kukojoa, ao mkojo ao choo kinatoka bila wewe kujua.
– Kuna ganzi katikati ya mapaja, mahali unapokalia.
– Miguu yote miwili inakosa nguvu, ao wayo unaburuta ukitembea.
– Maumivu yalianza baada ya kuanguka ao ajali.

Alama tatu za kwanza ni za haraka kabisa. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, hata kama ni safari ya mtumbwi mpaka Kalemie. Akichelewa siku chache, anaweza kubaki hivyo maisha yake yote.

Njoo pia juma hilo hilo kama una homa, unatoka jasho usiku, unakonda bila kutaka, unakohoa zaidi ya majuma mawili, ao kuna nundu mgongoni. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kula mifupa ya mgongo. Kinapona, na dawa zake hutolewa bila malipo. Njoo vilevile kama umepita miaka 50 na maumivu haya ni mapya, ao kama uliwahi kuwa na uvimbe katika ziwa la kunyonyeshea ao ugonjwa wa kizazi.

9. ANZA LEO

Usijaribu mambo yote siku moja. Juma la kwanza, toa kijiko kimoja cha sukari, pima mafuta kwa kijiko, na tembea dakika 10. Juma la pili, geuza sahani na anza zoezi la kwanza. Kila mwezi, siku ya kumpima mtoto, panda wewe pia juu ya mzani, na uandike kilo zako nyuma ya karatasi yake. Mtoto anapaswa kuongezeka. Mama aliyezidi anapaswa kupungua. Mkiendelea hivyo, mtafurahi wote wawili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Sababu gani maumivu ya mguu yanaweza kutoka kiunoni?
2. Mizigo miwili ya mama ni gani? Wewe, ni upi unaokulemea zaidi?
3. Onyesha mbele ya wenzako ginsi ya kuinua bidoni bila kuinamisha mgongo.
4. Nyumbani kwenu, nani anaweza kukusaidia kuchota maji? Umekwisha kumwomba?
5. Taja alama tatu za hatari ambazo hazingoji hata siku moja.
6. Jirani akikuambia: "Umekonda, uko na ugonjwa," utamjibu nini?